Bima ya Afya Ukikaribia Kustaafu: Yapi ni Kweli, Yapi ni Uvumi?

Mfanyakazi wa miaka 57 anajua mshahara wake mpaka shilingi ya mwisho. Anajua NSSF yake ina kiasi gani, anajua mkopo wa sacco umebakiza miezi mingapi, anajua ile ploti ya Kitengela ingeuzwa kwa bei gani ikibidi. Mwulize atalipaje hospitali akifikisha miaka 68. Hapo hesabu inakatika, uvumi unaanza.

Si ajabu. Wanaostaafu Kenya miaka hii walianza kazi chini ya NHIF, bima iliyoanzishwa mwaka 1966, na walikuwa wameizoea. Katika miaka yake ya mwisho, mwajiriwa hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi hata mshahara wake uwe mkubwa vipi. Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Mahakama Kuu ikaamua Julai 2024 kwamba inakiuka Katiba, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo Septemba, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikaanza kazi. Mtu aliyepokea habari hizo vipande vipande kwenye simu, katikati ya jumbe za kanisa na za chama, halaumiwi akichanganya mambo.

Kabla ya kuyapima madai yenyewe, tuelewane kwamba SHA ni mamlaka, na chini yake kuna mifuko mitatu. Mfuko wa Huduma za Msingi hulipia zahanati na vituo vya afya kwa pesa za serikali. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ndio unaojazwa na makato ya wananchi, nao hulipia matibabu ya hospitali. Wa tatu ni mfuko wa dharura na magonjwa sugu, unaotegemea serikali na huingia pale SHIF inapofika ukomo. Madai mengi ya uongo huzaliwa mtu anapoichukulia mifuko hii mitatu kuwa kitu kimoja.

Dai la 1: "Nimekatwa miaka thelathini. Sasa ni zamu yao kunitibu."

Si kweli.

Dai hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linatokana na hisia ya haki. Mtu amekatwa tangu ujana, pengine hajawahi kulazwa hata usiku mmoja, na anaamini kuna kitita chenye jina lake kinachomngoja.

Kitita hicho hakipo. NSSF ni akiba: ulichoweka wewe na alichoweka mwajiri hukaa katika akaunti yako mpaka ustaafu. Bima ya afya haifanyi kazi hivyo. Inafanana zaidi na chama cha kuzikana kijijini: unatoa kila mwezi, na mwaka ukipita bila msiba nyumbani kwako hurudishiwi chochote, kwa kuwa pesa zako zimewazika wa jirani. Makato uliyotoa mwaka 1998 yalimtibu mgonjwa wa mwaka 1998. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini kuni za jana zimeshaungua.

Sheria ya Kenya haina kundi la "aliyekwisha kumaliza kulipa". Mchango unaendelea maadamu mtu anataka SHIF imhudumie, awe na miaka 35 au 85. Wengine huchanganywa na habari za Tanzania. Huko kuna mfuko unaoitwa NHIF pia, ila ni mwingine kabisa, na huendelea kumhudumia mstaafu aliyekuwa mwanachama wake pamoja na mwenza wake bila kuwachangisha tena, wakitimiza masharti. Jamaa wa Taveta akisikia habari za jamaa wa Moshi, asidhani zinamhusu.

Dai la 2: "Siku nikistaafu, SHA wananifuta."

Si kweli.

Usajili wako umefungwa na nambari ya kitambulisho, haufuati kazi. Ukistaafu unabaki mwanachama. Kinachokoma ni makato, kwa sababu hakuna tena mshahara wa kukatwa. Makato yakikoma na wewe hujaanza kulipa kwa njia nyingine, utafika hospitali na kukuta jina lako limo ila bima yako hailipi kitu.

Hatari kubwa kwa mstaafu mpya iko katika pengo hili. Kwa miaka mingi hakuwahi kulipa bima kwa mkono wake. Idara ya mishahara ndiyo iliyomlipia kwa kumkata. Barua ya kustaafu inakuja, kuna sherehe, kuna safari ya kwenda nyumbani, kisha miezi ya kufuatilia mafao. Bima hairudi akilini mpaka mtu alazwe. Dawa yake ni kuhamisha usajili wako kutoka kundi la wenye mishahara hadi kundi la wasio na mshahara mara tu makato ya mwisho yanapopita. Unaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#, kwenye tovuti ya Afya Yangu, au katika ofisi ya SHA iliyo karibu nawe.

Kama mumeo au mkeo bado ameajiriwa na anakatwa, hakikisha jina lako limeorodheshwa chini yake. Bima ya SHIF humhudumia mchangiaji, mwenza wake na watoto wanaomtegemea.

Dai la 3: "Asiye na mshahara hulipa shilingi 300 tu kwa mwezi."

Nusu kweli.

Shilingi 300 ni kiwango cha chini kabisa, si bei ya kila mtu. Aliye na mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na hakuna kikomo cha juu. Mwenye 80,000 hukatwa 2,200; chini ya NHIF alikuwa akikatwa 1,500. Mwenye 120,000 hukatwa 3,300 badala ya 1,700. Anayelalamika kwamba makato yamepanda kwa kawaida anasema kweli, ingawa si kwa wote: mwenye mshahara wa 30,000 alikuwa akikatwa 900, leo anakatwa 825.

Kwa asiye na mshahara, asilimia ni ile ile, ila mapato yake hayaonekani popote. Kwa hiyo SHA huyakadiria kwa maswali kuhusu kaya yenyewe: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mna mali gani. Majibu hayo ndiyo huzaa kiasi cha kulipa.

Hapa mstaafu huingia taabani bila kosa lolote. Nyumba ya mawe aliyoijenga akiwa na miaka 45, tangi la maji, jiko la gesi, televisheni, vyote hivyo ni matunda ya mshahara ambao haupo tena. Kipimo huiona nyumba. Hakiuoni mfuko uliokauka. Ndiyo maana watu wawili wenye pensheni sawa wanaweza kutakiwa kulipa viwango tofauti. Jibu maswali hayo mwenyewe na kwa ukweli, usimwachie kijana wa saiba akubahatishie, na kiasi kikitoka kikubwa kuliko uwezo wako, nenda ofisi ya SHA ukaombe upimwe upya.

Kuna jambo la pili ambalo dai hili hulificha. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Anayelipa kiwango cha chini anahitaji 3,600 mkononi kwa siku moja. Aliyekadiriwa 1,000 kwa mwezi anahitaji 12,000. Mwaka 2025 serikali ilianzisha Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kumkopesha mtu mchango wa mwaka aurudishe kidogo kidogo. Unasaidia, ila ni mkopo. Mstaafu anayesubiri malipo yake ya mkupuo afadhali atenge humo mchango wa miaka miwili au mitatu kabla jamaa hawajajua pesa zimeingia.

Dai la 4: "Mwajiri alikuwa akinilipia nusu ya SHA."

Si kweli.

Katika NSSF, ndiyo, mwajiri huchangia kiasi sawa na chako. Katika SHIF, asilimia 2.75 yote hutoka kwako. Kazi ya mwajiri ni kukata na kuwasilisha, na tarehe ya mwisho ni siku ya 9 ya mwezi unaofuata.

Jambo la kukagua kabla ya kuondoka ni kama pesa zilizokatwa zilifika. Hati ya mshahara ikionyesha makato na rekodi ya SHA isionyeshe kitu, dai hilo ni rahisi kulifuatilia ukiwa bado unaingia ofisini kila asubuhi. Baada ya mwaka mmoja, mhasibu amehama na faili haionekani.

Dai la 5: "Kadi ya bima ya kazini nitaendelea nayo."

Si kweli, ila kwa wachache.

Waajiri wengi hununulia wafanyakazi bima ya kundi kutoka kampuni binafsi, au huwa na mpango maalumu juu ya SHA kama ule wa watumishi wa umma. Bima ya namna hiyo ni ya mwajiri. Ajira ikiisha, nayo huisha, mara nyingine siku ile ile. Mwenza na watoto waliokuwa kwenye kadi hiyo hutoka nawe.

Bima ya kundi ni nafuu kwa sababu vijana wa miaka 25 wasiougua humo ndani huwabeba wa miaka 58 wenye presha. Ukitoka nje ya kundi unapimwa peke yako, na bei unayoambiwa hukushtua kwa sababu hukuwahi kuiona bei yako halisi.

Wachache wanaobahatika ni wale ambao mwajiri, chama cha wafanyakazi au mpango wa pensheni umeandaa bima ya wastaafu, au ambao kampuni ya bima inawaruhusu kuhamia bima ya mtu binafsi bila kuanza upya. Ruhusa kama hiyo huwa na muda maalumu wa kuiomba. Uliza idara ya wafanyakazi ingali mapema, na jibu uombe kwa maandishi.

Dai la 6: "Bima binafsi nitanunua nikishastaafu. Pesa za mkupuo zitakuwepo."

Si kweli, na ndilo dai linalogharimu watu zaidi.

Anayesema hivi anadhani kikwazo ni pesa tu. Kampuni nyingi huweka umri wa mwisho wa kujiunga kwa mara ya kwanza, mara nyingi kati ya 60 na 65. Mtu aliyejiunga kabla ya umri huo huruhusiwa kuendelea kuilipia bima yake miaka mingi baadaye. Anayebisha hodi akiwa amekwisha kuupita hupelekwa kwenye bima maalumu za wazee, chache na ghali, au hukataliwa.

Hata akikubaliwa, kuna kipindi cha kungojea. Ajali hulipiwa mapema, lakini upasuaji usio wa dharura, na zaidi maradhi uliyokuja nayo, husubiri miezi, pengine mwaka au zaidi. Anayenunua bima akiwa na miaka 61 kwa sababu goti limeanza kumsumbua ataambiwa goti hilo lisubiri.

Malipo ya kila mwaka nayo hupanda kadiri umri unavyopanda. Sababu ni ya kihesabu: wa miaka 70 huenda hospitali mara nyingi kuliko wa miaka 40, na kampuni humtoza kwa kadiri ya hatari. Basi swali la kumwuliza wakala si "ni pesa ngapi mwaka huu?" pekee. Mwulize umri wa mwisho wa kuhuisha bima ni upi, itakuwa pesa ngapi nikiwa na miaka 65 na 70, na kiwango cha juu cha kulazwa ni cha kila mtu au cha familia nzima. Kampuni isiyo na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, usiipe hata shilingi.

Dai la 7: "Nina sukari na presha. Hakuna bima itakayonichukua."

Si kweli.

SHIF haimkatai mtu kwa sababu ya ugonjwa wala umri, na mchango wake haupandi kwa sababu figo zimechoka. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Kampuni binafsi ndizo zinazoweza kuweka ngojangoja, kupunguza kiwango au kuongeza bei.

Kwa hofu ya kuongezewa bei, wengine huficha: wanaandika "sina ugonjwa wowote" kwenye fomu huku tembe za presha zimo mfukoni. Kampuni haisemi neno wakati wa kupokea malipo. Husema siku ya bili kubwa, baada ya kuomba faili lako la hospitali na kukuta umetibiwa presha tangu miaka minane iliyopita. Bili hukataliwa, na malipo yote uliyotoa hayakusaidii. Ni heri ulipe zaidi kwa bima itakayokulipia.

Dai la 8: "Watoto wangu wameajiriwa. Mimi nimo kwenye SHA yao."

Si kweli.

Wazazi wengi hugundua hili wakiwa kwenye dirisha la usajili hospitalini. Mtoto aliyeajiriwa hukatwa kwa ajili yake, mwenza wake na watoto wake. Baba na mama yake si wategemezi wake kisheria katika SHIF, hata kama ndiye anayewanunulia unga, sukari na dawa. Wao ni kaya yao wenyewe, wanasajiliwa kwa vitambulisho vyao na kulipiwa mchango wao.

Mtoto anaweza kulipa mchango huo kwa niaba yenu kila mwaka, na kwa familia nyingi hiyo ni njia nzuri kuliko kungoja harambee. Ndugu wanne wakigawana mchango wa wazazi wa mwaka, kila mmoja hutoa kidogo. Wakingoja mzazi alazwe, kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku na kila mmoja huombwa kiasi ambacho hakukipanga. Baadhi ya bima binafsi za waajiri huruhusu wazazi waongezwe kwa malipo ya ziada. Mwambie mwanao aulize.

Dai la 9: "Zahanati ni bure hata kama sijalipa mchango."

Kweli.

Huduma katika ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo, hulipiwa na Mfuko wa Huduma za Msingi. Kinachohitajika ni usajili. Mtu wa presha au sukari iliyodhibitiwa anaweza kupimwa na kuandikiwa dawa huko bila kuigusa pensheni yake.

Je, dawa huwepo kila siku? Hapana, na mara nyingine mgonjwa hutumwa duka la dawa. Hata hivyo kipimo cha presha kila mwezi huweza kumwepusha mtu na kiharusi. Asiyetaka kwenda zahanati kwa kuwa "huko ni kwa wagonjwa wa mafua" anajinyima sehemu pekee ya mfumo huu ambayo haimwulizi pesa.

Dai la 10: "SHA ikishalipwa, hospitali haiwezi kunidai kitu."

Nusu kweli.

SHA hulipa kwa viwango vilivyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kila huduma ina kiasi chake. Kulazwa, kwa viwango vilivyotumika 2025, kulilipiwa shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4, na 4,480 katika ngazi ya 6, ambako ndiko kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Moi mjini Eldoret. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo kulilipiwa 10,650 kwa kila awamu. Matibabu ya saratani yaliwekewa 400,000 kutoka SHIF na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu, jumla 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo uliza vya sasa kabla ya matibabu kuanza.

Katika hospitali ya umma, kiwango hicho mara nyingi hukaribia bili yenyewe. Katika hospitali ya kibinafsi ya mjini, chumba cha siku moja kinaweza kuzidi kiasi hicho mara kadhaa, na tofauti yote ni yako. Tena, zingatia maneno "kwa kaya". Mume na mke wakiugua saratani mwaka mmoja, wanagawana kiasi kimoja.

Kwa hiyo swali la gharama baada ya kustaafu ni swali la hospitali pia. Mstaafu anayeijua hospitali ya rufaa ya kaunti yake, inatoa huduma gani na kliniki ya sukari ni siku gani, amepunguza gharama zaidi ya yule anayelipa bima kubwa huku akitibiwa kila kitu katika hospitali ghali. Na ikiwa ni dharura, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Bili itajadiliwa baadaye. Mgonjwa hupokewa kwanza.

Dai la 11: "Ukifika miaka 70, serikali inakulipia SHA."

Si kweli kwa wote.

Dai hili linatokana na Inua Jamii, mpango unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Enzi za NHIF, mpango wa wazee uliambatana na bima ya afya, na kumbukumbu hiyo bado ipo vijijini.

Chini ya sheria ya sasa, serikali huwalipia mchango wasiojiweza waliotambuliwa kuwa hivyo. Umri peke yake hautoshi. Mwalimu mkuu mstaafu mwenye pensheni na nyumba ya mawe hatakuwa miongoni mwao akifikisha 70, wala akifikisha 90. Kama una mzazi asiye na kitu kabisa, muulizie kwa chifu na kwa ofisi ya SHA. Kama wewe ni mstaafu wa kawaida, usiingize msaada huo katika hesabu zako.

Dai la 12: "Hakuna njia ya kuweka akiba ya matibabu peke yake."

Si kweli.

Njia ipo, ila ni wachache wanaoitumia. Mipango ya pensheni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, inaweza kuwa na mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Unaweka kiasi cha ziada kila mwezi, kinawekezwa pamoja na mali nyingine ya mpango, na ukistaafu hutumika kukununulia bima au kulipia matibabu kwa kufuata kanuni za mpango wako.

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya kodi inaruhusu hadi shilingi 15,000 kwa mwezi unazoweka katika mfuko huo zitolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Chukua mtu ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30. Akiweka 5,000, kodi yake hupungua kwa 1,500. Kwa kweli amejinyima 3,500 tu. Akianza na miaka 50 na kustaafu na 60, ameweka 600,000 kabla ya faida. Akianza na 57, ni 180,000.

Nafuu hiyo ya kodi ni ya mtu mwenye mapato ya kutozwa kodi. Sheria hiyo hiyo imeondoa kodi kwenye pensheni ya aliyefikia umri wa kustaafu, habari njema kwake. Maana yake pia ni kwamba punguzo la kodi kwa akiba ya matibabu halimfai tena: hana kodi ya kupunguziwa.

Kinachobaki baada ya uvumi

Ukiyatazama madai haya kwa pamoja, kuna jambo linalojirudia. SHA haina kikomo cha umri. Unaweza kuanza kuilipia hata na miaka 75. Karibu kila kitu kingine kina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo huwa siku ya mwisho ya kazi au karibu nayo. Nafuu ya kodi huisha na mshahara. Ruhusa ya kuhama kutoka bima ya kundi huisha na ajira. Umri wa kujiunga na bima binafsi hupita karibu na miaka ile ile ya kustaafu, ambayo serikalini ni 60. Hata kufuatilia makato yasiyowasilishwa huwa vigumu ukishatoka.

Wengi huahirisha suala la bima mpaka wastaafu, wakidhani ndipo watakapokuwa na nafasi na pesa za kulishughulikia. Nafasi watakuwa nayo. Pesa pengine. Lakini machaguo mengi yatakuwa yamekwisha, na watabaki na SHA na bili ya tofauti.

Kwa hiyo aliye na miaka hamsini na kitu aende idara ya wafanyakazi mwezi huu na maswali matatu: bima yangu ya kazini inaisha siku gani hasa, mpango wetu wa pensheni una mfuko wa matibabu, na makato yangu ya SHIF yote yamewasilishwa? Kisha aulizie bei ya bima binafsi kwa umri wake wa leo, hata kama hatainunua, ili aijue. Aliyekwisha kustaafu aanze na *147#, aangalie kama mchango wake wa mwaka huu umelipwa.